Maji Yasiyo na Ng'ambo

Kijana wangu wa pili alinipigia simu majuzi. Sasa ni mtu mzima, ana mke na watoto, na anafanya kazi Mwanza. Baada ya shikamoo na habari za mvua, akasema wanataka kupanda meli kubwa ya kwenda Bukoba, familia nzima, watembee tu kwa raha zao. "Baba, wewe ulitupeleka tukiwa wadogo," akasema. "Mimi nakumbuka honi tu. Familia ikisafiri kwa meli itegemee nini?"

Nilifurahi kuulizwa. Siku hizi mzee akiulizwa kitu ni bahati, maana simu zao zinajua kila kitu. Nikamwambia abebe limau kwa ajili ya kichefuchefu, na masweta hata kama Mwanza kuna joto, na viatu visivyoteleza kwa sababu sakafu ya chuma haikauki. Abebe na chakula cha watoto, kwa kuwa foleni ya chakula ni ndefu na wali ukikufikia umeshapoa. Asiwaache watoto wapande vile vyuma vya pembeni. Akawa anaitikia sawa, sawa. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akasema, "Na mama mkwe wangu tutakuwa naye. Tumechukua chumba kimoja tu cha vitanda sita."

Nilinyamaza mpaka akadhani mtandao umekata. "Baba? Upo?" Nikasema nipo, nitakupigia baadaye. Mpaka leo sijampigia. Naandika kwanza.

Miaka ile mimi nilikuwa Nyamongo, na kila mwanamume mwenye mikono miwili alikuwa Nyamongo. Watu waliwaachia watoto ng'ombe wakaja kushika sururu. Walimu waliacha chaki. Tulichimba maduara, ndivyo tulivyoyaita mashimo yetu, tukiteremka kwa kamba na tochi mpaka mahali ambapo sauti ya mtu aliye juu haikufikii. Duara lina tabia ya mtu mchoyo. Linakula nguvu zako mwaka mzima bila kukupa kitu, halafu siku moja, bila kukuomba radhi, linatema. Letu lilitema baada ya masika mawili. Nikanunua ng'ombe, nikaezeka bati, nikanunua redio kubwa kuliko mtoto wangu wa mwisho, na viatu vyeupe. Viatu vyeupe Nyamongo, kwenye vumbi lile! Masikini akipata matako hulia mbwata, na mimi nililia mbwata mpaka wakanisikia Tarime.

Wazo la meli alinipa mzee mmoja wa Kiislamu, mtu wa pwani, aliyekuwa akinunua dhahabu yetu kwa mizani yake ndogo. Yeye alikuwa amesafiri kila mahali. "Mwanangu," aliniambia siku moja akifunga mizani, "ng'ombe watakufa na bati litaota kutu. Wapeleke watoto wakaone kitu. Walichokiona hakuna wa kuwaibia." Akanikalisha, akanieleza meli ilivyo tangu ngazi ya kupandia mpaka ngazi ya kushukia. Nilimsikiliza kuliko nilivyomsikiliza padri yeyote.

Sababu ya safari ilikuwepo. Mdogo wa mke wangu alikuwa ameolewa na mwalimu, na mwalimu akahamishiwa Bukoba, na huko binti akajifungua mtoto wa kwanza. Mama yao hakuwa amemwona binti yake huyo tangu aolewe. Kwa hiyo tukawa sita: mimi, mke wangu, binti yetu mkubwa wa miaka kumi, wavulana wawili wadogo, na mama mkwe wangu.

Huyu mama alikuwa akiishi Kemambo, akilima ulezi na mihogo, mjane, mrefu, mwenye sauti ya chini isiyo na haraka. Mimi nilimjua kwa sauti na kwa mgongo. Uso wake sikuwahi kuutazama vizuri hata siku moja. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawali pamoja, hawashikani mikono, hawalali chini ya paa moja. Si ugomvi. Ni heshima, na ni haya, kwa sababu huyu ndiye aliyemzaa mwanamke unayelala naye. Mkikutana njiani, mmoja anaiacha njia. Ukifika kwake unakohoa tangu nje ya uzio, ili apate nafasi ya kuingia ndani au kuzunguka nyuma ya nyumba. Ukitaka kumwambia jambo, unawaambia watoto kwa sauti, naye anasikia akiwa upande wa pili wa ukuta. Kwa miaka kumi na miwili tulizungumza hivyo, na nadhani tulielewana kuliko watu wengi wanaotazamana usoni.

Basi Jumapili moja baada ya kanisa nilikwenda Kemambo kuwaeleza kuhusu safari. Nilikaa uani kwenye kigoda, watoto mbele yangu, na yeye na mke wangu wakiwa jikoni wanasonga ugali. Nikawaeleza watoto kwa sauti kubwa. Meli ni ndefu kuliko kanisa, nikasema, na ina ghorofa. Kabla ya kuondoka inalia mara tatu, na ya tatu mtaisikia tumboni. Chuma kinanguruma chini ya miguu mpaka meno yanawasha. Yote hayo nilikuwa nimeyapokea kwa yule mzee wa mizani, lakini niliyasema kana kwamba mimi ndiye nahodha.

Sauti ya chini ikatoka jikoni. Alikuwa akimwambia binti yake, ingawa mimi nilikuwa hatua tano tu kutoka mlangoni. "Muulize baba watoto. Mto Mara hata ukifurika vipi, ng'ambo inaonekana. Hayo maji ya meli, ng'ambo yake inaonekana?"

Nikawaambia watoto, "Mkifika katikati, ng'ambo hakuna. Ukigeuka huku maji, ukigeuka kule maji. Mbingu yenyewe imekaa juu ya maji."

Mwiko ulisimama. Nilisikia moto tu. Kisha akasema, taratibu, "Hayo nataka niyaone kabla sijafa."

Sikuwahi kumsikia akitaka kitu. Tangu nimuoe binti yake, huyu mama alikuwa hajaomba hata chumvi. Nikavimba kichwa. Nikaona nimeishika nyumba nzima kwa maneno, nikaongeza la kwangu ambalo mzee wa mizani hakuwahi kulisema. "Na kule chini kabisa," nikasema, "kuna kidirisha cha kioo kinene. Samaki wanapita hapo. Wanakutazama na wewe unawatazama." Watoto walipiga makofi. Jikoni mwiko ukaanza tena kufanya kazi.

Safari ya basi kutoka Tarime haikuwa na shida. Mimi nilikaa mbele karibu na dereva, yeye nyuma kabisa na binti yangu, na kati yetu kulikuwa na abiria na magunia ya kutosha kulinda heshima ya ukoo mzima. Mwanza tulifikia kwa jamaa ya mke wangu, Mkurya mwenzetu. Hakuhitaji kuambiwa. Kabla hata ya chai alikuwa ameshanitafutia kitanda kwa jirani, mama mkwe akalala nyumbani mle na binti yake na wajukuu. Nalisema hili ili ieleweke kwamba mimi sikuwa nimesahau. Usiku mmoja tu kabla ya meli nilikuwa nimelala nyumba ya watu nisiowajua kwa sababu hiyohiyo.

Asubuhi nikaenda bandarini kukata tiketi. Mbele yangu alisimama bwana mmoja wa suti, na mke mwenye miwani, na watoto wenye soksi. Akasema kwa sauti, "Chumba kizima. Familia." Karani akamwandikia bila swali. Ikafika zamu yangu.

"Daraja la pili," nikasema. "Watu sita."

"Wanaume wangapi, wanawake wangapi?" karani akauliza. "Wanawake tunawaweka chumba chao, wanaume chao."

Yaani utaratibu wa meli ulikuwa umepangwa kana kwamba umepangwa na Wakurya. Nilichotakiwa kufanya ni kujibu swali. Mama mkwe na mke wangu na binti upande mmoja, mimi na wavulana upande mwingine, na kila mtu angelala na heshima yake. Lakini yule bwana wa suti alikuwa bado amesimama pembeni akihesabu mizigo yake, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vyeupe.

"Sisi ni familia moja," nikasema. "Nipe chumba kizima."

"Sawa, bosi," akasema karani.

Bosi. Neno hilo lilinipanda kichwani kama pombe ya mtama kwenye tumbo tupu. Nilimkumbuka mama mkwe wangu palepale dirishani, nikiwa nimeshika kalamu ya karani. Nikamkumbuka, nikamweka kando. Nikajiambia hii ni meli, si Kemambo, na watu wa mjini hawana mambo hayo, na kila mtu atakuwa na kitanda chake. Majibu mazuri huja haraka sana mtu anapojua kuwa anakosea.

Tulipanda jioni, jua likiwa bado lipo. Chumba kilikuwa kidogo, vitanda vya chuma vimepandishana kushoto na kulia, na harufu ya rangi mpya. Wavulana walishapanda juu wanarukaruka. Mimi nikatupa koti langu kwenye kitanda kimoja cha juu. Mke wangu akasimama mlangoni, akahesabu vitanda kwa macho, akahesabu tena.

"Baba watoto," akasema polepole, "mama atalala wapi?"

"Hapo chini, asipate shida ya kupanda."

"Na wewe?"

"Hapo juu."

Alinitazama kana kwamba nimetema mate kwenye chakula. "Juu ya mama," akasema.

"Hii ni meli," nikamwambia. "Mjini watu hawana mambo hayo."

Sikujua kwamba mama mkwe alikuwa ameshafika na mzigo wake, amesimama koridoni, upande wa pili wa ukuta wa chuma. Alikuwa anatusikia kama alivyozoea kunisikia. "Mwambie baba watoto asante," ile sauti ikasema. "Humo ndani kuna joto. Mimi nitakaa kule chini na wanawake wenzangu." Nikasikia kandambili zake zikiondoka.

Kulikuwa na maneno manne ambayo yangemaliza jambo lile: mimi nitatoka, laleni ninyi. Nilikuwa na koti zito na umri wa kulala popote. Shimoni nilikuwa nalala juu ya mawe. Lakini nilikuwa nimelipia kitanda, na nilikuwa nimeitwa bosi, na moyoni, nalisema bila kuficha, nilipata nafuu alipoondoka. Nikajiambia amechagua mwenyewe.  Mke wangu alichukua blanketi akamfuata mama yake, na safari nzima akawa mtu wa kwenda na kurudi, nusu mke, nusu binti.

Daraja la tatu lilikuwa chini, ukumbi wa mabenchi uliojaa watu, kuku, magodoro na makreti ya soda. Madirisha yake yalikuwa yamezibwa na mizigo. Njia ya kutoka huko kwenda juu kwenye hewa, na kwenda choo cha wanawake, ilikuwa ngazi moja nyembamba. Ngazi hiyo ilitokea pale pembeni kwenye vyuma ambapo abiria walisimama kutazama ziwa, na hapo ndipo mimi nilipopachagua. Palikuwa na upepo mzuri, na mtu akisimama hapo alionekana na kila anayepita.

Honi ililia mara tatu. Ya tatu tuliisikia tumboni, sawasawa na nilivyosema, na watoto wakanitazama kama nabii. Yale majabali ya Mwanza yakaanza kurudi nyuma. Nikamtuma binti yangu, "Kamwite bibi aje aone."

Akashuka, akarudi. "Bibi ameuliza uko wapi. Nimemwambia upo hapa juu ya ngazi. Amesema atakuja baadaye."

"Sawa," nikasema. Nikaendelea kuegemea chuma.

Giza lilipoingia nilikula wali uliopoa, nikalala. Nililala vizuri, na hilo nalo linanisumbua.

Alfajiri niliamka kabla ya wote. Nilipotoka nje nikakuta ng'ambo hakuna. Nilikuwa nimewasimulia watu kwa maneno ya kuazima, na sasa nayaona mwenyewe: huku maji, kule maji, mwanga unapanda kutoka majini kana kwamba jua linalala humo. Hapakuwa na mti, mlima wala moshi wa mtu. Mimi ni mtu wa kushuka shimoni, nimezoea ukuta mbele ya pua. Machozi yalinitoka, nikasingizia upepo. Nikaenda kuwaamsha watoto, nikawaleta palepale pangu, na mke wangu akapanda kutoka chini akiwa na macho mekundu.

"Kamwite bibi," nikamwambia binti. "Mwambie maji yale ndiyo haya."

Akashuka mbio. Nilimsikia akiteremka ile ngazi, hatua kumi na kitu. Akarudi peke yake. "Ameamka muda mrefu. Amekaa tu kwenye benchi, kajifunika khanga. Ameuliza, baba yako yuko wapi? Nimesema yuko juu ya ngazi. Akasema, basi, baadaye."

"Ungemwambia aje tu."

"Nimemwambia. Amesema baadaye."

Mtoto hakuelewa. Mimi nilielewa. Baadaye maana yake ilikuwa: akiondoka. Alikuwa ananiomba kitu cha pili katika maisha yake, na alikuwa anakiomba kama inavyotakiwa, kupitia kwa mtoto. Ningezunguka upande wa pili wa meli, hatua thelathini, nikohoe nikienda ili asikie njia iko wazi. Nilikwishageuka. Nakumbuka mguu wangu wa kulia ulikwishageuka.

Hapo akatokea mpiga picha. Alikuwa anazunguka melini na kamera shingoni, akiwaambia watu mwanga huu haurudi tena. "Bosi, familia hii, na maji haya nyuma! Sogeeni." Nikasema moyoni dakika moja tu. Tukasimama. Akapiga. Kisha mimi, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikamuuliza kama viatu vimeonekana. Akasema hapana. Nikamwambia arudi nyuma apige nyingine. Mvulana mdogo akalia, tukamnyamazisha. Tukapiga ya tatu ya mimi peke yangu nimeweka mkono kiunoni. Yule bwana wa suti akapita, tukasalimiana, tukazungumza habari za bei ya dhahabu kama watu wa daraja moja.

Nilipogeuka kutazama ziwa, kule mbele kulikuwa na mstari mwembamba wa kijani. Watu wakaanza kusema Bukoba ile, Bukoba ile. Maji yalikuwa yamepata ng'ambo.

Tuliposhuka nilimwona kwa mbali, mgongo wake, akitembea kwenye ngazi ya kushukia. Alikuwa anaweka mguu mmoja, anasubiri, kisha anauleta wa pili. Sikuthubutu kusogea. Jioni ile kwa mwalimu, mimi nikiwa nimepewa chumba cha nje kama inavyostahili, mke wangu alikuja kusimama mlangoni.

"Mama miguu imevimba," akasema. "Kakaa kwenye benchi tangu tulipopanda. Hajala, na maji hajanywa tangu jana mchana."

Nikauliza kwa nini, kana kwamba sijui.

"Akinywa atataka kwenda chooni. Akienda chooni atakukuta, na usiku njia inapita mlangoni kwako."

Nikakasirika. Mimi nikikosea huwa nakasirika kwanza, ndiyo tabia yangu, na mke wangu anaijua. "Sasa ulitaka nifanyeje? Nijitupe ziwani?"

"Ungekohoa," akasema. "Ungekohoa na kuondoka pale. Basi."

Akarudi ndani kwa mama yake.

Sisi tulirudi kwa meli ileile baada ya wiki. Mama mkwe alibaki kumsaidia binti yake mpaka mtoto akaanza kutambaa, kisha akarudi Kemambo kwa basi, njia ndefu ya kuzunguka, siku mbili za vumbi na mashimo. Alisema miguu yake haipendi meli. Hakupanda meli tena mpaka tulipomzika.

Picha zilinifikia baada ya miezi kupitia kwa mwalimu. Moja inaonyesha watu watano na viatu vyeupe, na nyuma yao maji hayana mwisho. Ukiitazama vizuri, kwenye pembe ya chini unaona shimo jeusi la ngazi. Sijawahi kuitundika ukutani. Iko sandukuni, chini ya nguo.

Nilitaka kumwomba radhi. Nililifikiria sana jambo hilo nikiwa shimoni, ambako mtu ana nafasi ya kufikiri. Lakini radhi ya mkwe inapita njia ileile inayopita maneno mengine. Ningelazimika kukaa uani kwake, kuwakalisha wanangu mbele yangu, na kuwaambia kwa sauti kubwa kwamba baba yao alijua na alifanya makusudi. Nikashindwa. Nikatuma blanketi na sukari kupitia kwa mke wangu. Akarudisha shukrani. Sukari haisemi kitu, na blanketi halisemi kitu, na wote wawili tulilijua hilo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Sasa wajukuu ninao, na majuto yamekaa nao sebuleni.

Basi, siku moja kipindi cha mavuno nilikwenda Kemambo kumchukua mke wangu, aliyekuwa kule akisaidia kupura ulezi. Nilifika mchana kwa miguu. Kwenye uzio wa minyaa nikasimama, nikavuta pumzi nikohoe. Kabla sijakohoa nikasikia wanawake wanacheka uani, kisha wakanyamaza wote, na ile sauti ya chini ikaanza kusema. Alikuwa anawasimulia majirani habari za meli.

Alisimulia kwa Kikurya, na Kiswahili changu hakiwezi kuifikisha ladha yake yote. Ni ndefu kuliko kanisa, alisema, na ina ghorofa. Kabla ya kuondoka inalia mara tatu, na ya tatu unaisikia tumboni. Chuma kinanguruma chini ya miguu mpaka meno yanawasha. Kwanza nilifurahi, nikasema kumbe aliona. Kisha akasema, "Ukifika katikati, ng'ambo hakuna. Ukigeuka huku maji, ukigeuka kule maji. Mbingu yenyewe imekaa juu ya maji."  Maneno yalikuwa yangu. Alikuwa anayasema kwa mpangilio wangu, yote niliyoyamwaga pale uani kwake Jumapili ile, hakuna lililoongezeka wala lililopungua.

"Na kule chini kabisa," akasema, "kuna kidirisha cha kioo kinene. Samaki wanapita hapo. Wanakutazama na wewe unawatazama."

"Uliwaona?" mwanamke mmoja akauliza.

"Niliwaona. Wengi."

Nilishika tawi la mnyaa mpaka likakatika na utomvu ukanimwagikia mkononi. Nilitaka kukohoa nimkatishe, na sikuweza.

Kisha mwanamke mwingine, jirani yake mwenye mdomo, akauliza swali ambalo lazima wote walikuwa wanalisubiri. "Na mkweo je? Nasikia humo ndani ni vyumba vidogo vidogo na njia nyembamba. Mlipishanaje na mkweo?"

 Ulezi uliacha kupurwa. Mke wangu alikuwa miongoni mwao. Jina langu lote, na la wanangu, lilikuwa mkononi mwa huyu mama, na hakuna mtu angemlaumu kama angeufungua mkono aliangushe chini.

"Mkwe wangu ana adabu," akasema. "Kila alipopita alikohoa. Asubuhi anakohoa, jioni anakohoa. Mpaka wenye meli waliniuliza kama yule mtu ana ugonjwa wa kifua."

Wanawake walicheka sana, kicheko kizuri, cha kunisifia. Mimi nilikuwa nyuma ya uzio na kile kikohozi kooni.

Nikarudi nyuma polepole, nikikanyaga majani laini ili nisisikike, mpaka kule njia inapokatia shamba la mihogo. Nikasimama hapo kidogo. Kisha nikaanza kuja upya nikikohoa tangu mbali, kwa nguvu, kila hatua chache, kama mgonjwa. Nikasikia kigoda kikisogezwa. Nikasikia miguu yake, ile iliyovimba, ikiondoka taratibu kunipisha.